Hakutema Mate Katika Supu

Mtu wa kwanza kunitukana kwenye simu, mbele ya kikundi kizima, alikuwa dada yangu mkubwa. Si mshindani wangu wa biashara, si jirani ninayegombania naye mtaro wa maji machafu. Ni dada yangu wa tumbo moja, aliyenibeba mgongoni na kunilea tangu mama yetu alipofariki kabla sijaanza shule. Aliniita mtetezi wa malaya. Alilisema neno hilo kwa Kiswahili, kisha akalirudia kwa Kilingala, ili watu wa Kisangani wasije wakasema hawakuelewa.

Kisa chenyewe kilikuwa mchezo wa televisheni. Najua inachekesha. Nami nacheka leo, lakini siku ile nilitaka kuitupa simu mtoni Tshopo.

Nina duka la vifaa vya ujenzi: misumari, kufuli, rangi, mabati. Sisi tuliotoka Kivu Kaskazini kuja kufanya biashara Kisangani tunajulikana kwa mambo mawili, misa ya kwanza ya Jumapili na kutofunga duka mapema. Basi mimi nilianza kufunga mapema. Saa moja jioni, vita ikiendelea huko mashariki na redio ikitaja kila siku jina la kijiji kingine ninachokijua, nilikuwa nimekaa kwenye kochi nikitazama watu wa nchi ya mbali wakilia kwenye ngazi za nyumba kubwa. Walikuwa wametiwa sauti za Kifaransa, na midomo yao ilimaliza kusema kabla ya sauti kufika. Habari za vita zilinikosesha usingizi. Hizi zilinikasirisha tu, na kukasirika ni afadhali.

Katika mchezo huo kulikuwa na tajiri mmoja, mke wake, na karani wake. Majina yao yalitushinda kutamka, kwa hiyo mke tulimwita Mama. Karani tulimwita Bureau, kwa sababu kwetu mwanamke wa pembeni huitwa deuxième bureau, ofisi ya pili, na huyu alikuwa na bureau kweli, yenye meza na kiti cha kuzunguka.

Mimi nilikuwa upande wa Bureau. Msinitolee macho. Yule binti alikuwa yatima, alidanganywa kwamba tajiri ni mjane, na alipojua ukweli mimba ilikuwa na miezi minne. Nilimhurumia, nikasema hivyo kwenye kikundi. Mke wangu, ambaye naye alikuwa mle kikundini, aliweka simu mezani akanitazama.

"Papa, ya kwako anakaa wapi?"

"Ya kwangu nani?"

"Bureau yako. Mwanaume hatetei kitu yenye hana."

Nilimweleza habari ya yatima na mimba. Akasema, "Alors, iko na mimba tena!" Siku kadhaa sahani yangu iliwekwa mezani bila neno, na nilipouliza pilipili iko wapi, niliambiwa niiulize kule ninakokula vizuri.

Sasa kikundi chenyewe. Kisangani tuna maporomoko ya maji na bwawa la umeme, ila umeme wenyewe unazunguka kama mgeni asiyejua alale wapi. Leo uko Makiso, kesho uko Mangobo, keshokutwa haujulikani. Mtu anafuatilia mchezo miezi mitatu, halafu siku ya harusi giza linaingia. Ndiyo maana kikundi kikaanzishwa. Mwenye umeme jioni ile aliandika, "Courant iko kwangu," na hapo hapo akawa msimulizi. Alitazama, kisha akawasimulia kwa sauti wale walio gizani. Hiyo ndiyo ilikuwa sheria yetu, na ilikuwa sheria nzuri sana, isipokuwa kwa jambo moja: kila msimulizi alikuwa na upande wake.

Akisimulia mtu wa Mama, Bureau aliingia chumbani kama nyoka. Akisimulia mtu wa Bureau, aliingia kwa unyenyekevu akitetemeka kwa baridi. Ni mlango ule ule na mwanamke yule yule. Na waliopigana vikali zaidi ni wale ambao hawakuona kitu, maana aliyeona anaweza kuwa na shaka kidogo, lakini aliyesimuliwa hana shaka hata chembe. Walitukanana wazazi. Mmoja alibadilisha picha yake akaweka ya Mama akilia, na chini akaandika kwamba Mungu anawaona wote wanaocheka. Mama mmoja muuza mikate wa Lubunga, ng'ambo ya mto, aliniambia mimi binafsi kwamba misumari yangu ni mibovu kama roho yangu. Misumari yangu! Nilimjibu mambo ambayo nisingemwambia hata mwizi.

Aliyetuokoa ni mzee mmoja fundi wa nguo, Mwislamu wa zile familia za zamani za mjini ambazo mababu zao walifika na misafara ya biashara. Tulimwita Papa Fundi. Hakuwa upande wowote. Alisema yeye anatazama nguo tu, na kwamba tajiri anavalishwa vibaya mabegani. Siku moja alitoa sauti ya polepole, kama mtu anayepima kitambaa.

"Batoto yangu, bon. Matusi ya simu haina miguu, ndiyo maana inakimbia sana. Kuanzia leo, mwenye kutukana mwenzake asiseme tena kitu humu mpaka aende kwa ule mutu. Aende na miguu yake, aikale ku kiti yake, akunywe maji yake. Kisha barudie pamoja kutusalimia na sauti. Donc, tukisikia sauti mbili, amani imeingia."

Watu walicheka, lakini walitii, maana adhabu ya kunyamaza wakati Bureau anakaribia kujifungua hakuna aliyeiweza. Basi mji mzima ukaanza kutembeleana. Watu wa Mangobo walipanda toleka, zile baiskeli zetu za abiria, wakaenda Kabondo kuomba maji ya kunywa kwa watu waliowaita mbwa jana yake. Na kwa kuwa kwetu mgeni hapewi maji matupu, maji yalikuja na samaki, na samaki akaja na lituma, ndizi zetu za kupondwa. Wapo walioanza kutukana wakiwa na njaa. Nasema nilichokiona.

Muuza mikate alivuka mto kwa pirogi akaja dukani kwangu. Alikuwa mwanamke mfupi, mwenye sauti ya kuuzia mikate sokoni. Nilimpa kiti na maji. Alikunywa, akashusha pumzi, akasema, "Tonton, misumari yako iko muzuri. Nilikasirika tu."

"Hapana neno, mama."

"Lakini ule Bureau wako iko ndumba."

Nikasimama, maana ndumba kwa Kilingala ni malaya, naye akasimama. Mteja mmoja aliyekuja kununua kufuli akauliza ni nani huyo ndumba, tukamweleza kila mtu kwa upande wake, naye akachagua upande wa Mama na kuanza kunifokea ndani ya duka langu mwenyewe. Aliondoka bila kufuli. Mwishowe mke wangu alitoka nyuma na sahani ya pondu, kisamvu chetu, akamkumbatia yule mama kama ndugu aliyepotea, na wakala pamoja wakinisema mimi nikiwa nasikia. Tulirekodi salamu, sauti tatu badala ya mbili. Tangu siku hiyo tulikuwa marafiki, ingawa hatukuwahi kukubaliana neno lolote kuhusu Bureau.

Nafika kwa dada yangu. Alikuwa anaishi Goma, na ni mimi niliyemwingiza kikundini, kwa sababu kwake umeme ulikuwa haukatiki ovyo. Mara moja akawa msimulizi mkuu. Tulipokuwa gizani sote, sauti ya Yaya, kama tunavyomwita dada mkubwa, ilifika, na jamani, yule mwanamke alijua kusimulia! Aliigiza milango, aliigiza viatu, alilia penye kulia. Wanaume walikusanyika kwenye simu moja kumsikiliza. Shida ni kwamba alikuwa upande wa Mama kuliko Mama mwenyewe, na alitia chumvi mpaka chakula kikawa kichungu.

Jioni moja alisimulia kwamba Mama yuko kitandani mgonjwa, Bureau anamletea supu, na kabla ya kuingia chumbani anatema mate ndani ya bakuli. Kikundi kililipuka. Sasa jioni ile, kwa bahati, umeme ulikuwa kwangu. Nilitazama kwa macho yangu mawili. Hakutema mate. Supu ilikuwa ya moto, akaipuliza.

Wangapi wangenyamaza? Labda wewe. Mimi nikaandika: "Yaya, hakutema mate. Alipuliza tu." Na mpaka leo, mtu akiniamsha usingizini, nitasema hivyo hivyo.

Sauti yake ilikuja, na haikuwa ya kuigiza.

"Weye leki yangu, mudogo wangu, unaniita muongo mbele ya batu? Miye nilikupulizia bouillie, uji yako, na kinywa yangu, kila asubuyi, usichomeke ulimi. Leo ule ulimi unaniitia muongo? Mutetezi ya malaya! Ya bandumba!"

Nikajibu kwamba kama alijua kupuliza ni nini, alikosaje kumtambua Bureau akipuliza. Hapo yakatokea maandishi yale madogo ya kijivu: ametoka kwenye kikundi.

Papa Fundi alinipigia simu. Alisema sheria ni sheria, aende mmoja kwa mwenzake. Nilimwambia sikutukana, nilisema ukweli, na tena barabara ya Goma imejaa vita, toleka haifiki. "Basi piga simu," akasema, "sauti nayo ni miguu kidogo." Nilipiga. Dada yangu hakupokea. Nilipiga tena siku ya pili, hakupokea. Nikasema, haya, kiburi ni cha ukoo, tuone nani atachoka kwanza.

Halafu vita vikafika Goma.

Mitandao ilikatika, umeme ukakatika, maji yakakatika. Nilipiga na yule mwanamke wa Kifaransa wa kwenye simu akaniambia nijaribu baadaye, kwa upole ule ule, asubuhi na mchana. Nilimchukia kuliko mtu yeyote wa kikundi. Nilikuwa naogopa. Nilikuwa naogopa vibaya, mpaka nakosea kupima misumari, na kilichonitafuna si risasi tu. Ni kwamba neno la mwisho alilolisikia kutoka kwangu lilihusu supu.

Mke wangu aliwaambia watu wa kikundi. Basi wakaja. Kwetu mtu akikosa habari za ndugu yake haachwi peke yake, na Papa Fundi ndiye aliyekuwa amewazoesha njia za kwenda nyumba kwa nyumba. Walikuja na viti vya plastiki vichwani, wakavipanga uani, wakakaa wakishika mashavu. Muuza mikate alileta mikate na kilio kidogo, akajaribu kukianzisha. Mke wangu alitoka jikoni na mwiko mkononi.

"Mutu hakufa! Hapa hakuna matanga! Mwenye anataka kulia, alilie kwake!"

Walifuta machozi, lakini hawakuondoka, maana ilikuwa inakaribia saa moja na umeme ulikuwa kwangu. Nikatoa televisheni uani. Na jioni ile, mbele yetu sote, Mama akafa. Alikufa kitandani, mkono wake ukiwa mkononi mwa Bureau. Hakuna aliyeshangilia. Watu wa Bureau, ambao walikuwa wameombea siku hiyo kwa miezi, walitazama chini. Muuza mikate hatimaye alipata ruhusa ya kulia, akalia kwa ajili ya kila kitu, na mke wangu akakaa karibu naye na ule mwiko wake, akalia pia. Mimi niliingia dukani nikajifanya natafuta kitu.

Siku nyingine kadhaa zilipita. Kisha mchana mmoja simu yangu ililia, namba nisiyoijua, ya ng'ambo ya mpaka. Jirani yake dada yangu alikuwa na laini iliyokamata mtandao wa kule.

"Leki."

Nikaanza kulia.

"Leki, niko muzima. Batoto bazima, nyumba iko. Maji hakuna, courant hakuna, tunachota ku ziwa. Usilie, unamalizia batu unités ya simu bure."

Nilikuwa nimeandaa maneno ya kumwambia. Niliyaandaa siku zote zile, nikayapanga vizuri kama bidhaa. Hakunipa nafasi.

"Sikia, haraka. Ile Mama ya film, iko namna gani? Alipona?"

Nilitazama kaunta. Mimi ndiye mtu wa ukweli, mimi niliyevunja undugu kwa sababu ya mate ambayo hayakutemwa.

"Iko muzima, Yaya," nikasema. "Anakula muzuri."

"Asante," akasema. "Nirudishe mu groupe."

Nilimrudisha, lakini kwanza niliwaandikia wote kwamba atakayemwambia Yaya kuwa Mama amekufa, nitamfuata na miguu yangu, na sitakunywa maji yake. Hapo ndipo nilipoona kazi. Goma watu hawakuwa na umeme wa kuwashia televisheni. Dada yangu alichaji simu kwenye parokia, kwa sola, akapokea sauti zetu tu, kwa mtandao wa yule jirani. Ilibidi kila jioni mtu amsimulie mchezo ambao haupo. Kwenye televisheni tajiri alikuwa ameshamzika mke wake na ameanza kunyoa ndevu kwa matumaini. Kwetu sisi, Mama alitoka kitandani. Muuza mikate alimpeleka kanisani. Papa Fundi, aliyesema hana upande, alimshonea gauni la rangi ya zambarau na kutusimulia lile gauni kwa muda mrefu kupita kiasi. Na mteja yule wa kufuli, ambaye naye alikuwa ameingia kikundini, alimfanya Mama amfukuze tajiri na kufungua duka.

Maajabu ni kwamba ugomvi uliisha. Sisi tuliokuwa tukitoana roho kwa mambo tuliyoyaona, tulikubaliana vizuri kwa mambo tuliyoyatunga. Hata mimi nilisimulia. Nilimfanya Bureau aje kumwomba Mama msamaha, na nikamfanya Mama amkaribishe ndani. Katikati nilimpa mke wangu simu amalizie. Alinitazama kwa namna mpya, akanisogezea pilipili bila kuombwa.

Siku ambayo simu za Goma zilianza kupatikana vizuri, dada yangu alinipigia akiwa ametulia, kwa simu yake mwenyewe. Tuliongea habari za watoto, za bei ya unga, za nani amekimbilia wapi. Kisha akasema:

"Leki, ule Mama alikufa siku gani?"

Nikauliza: "Nani amekuambia?"

"Hakuna mutu. Ni weye. Ile siku ya kwanza, ulisema anakula muzuri. Pale pale nilijua."

"Ulijua namna gani?"

"Mama yetu akiwa ku hospitali, weye ulikuwa unaniuliza kila asubuyi. Nilikuwa nakujibu nini?"

Nilikumbuka. Nilimwona akiwa msichana, kikombe cha uji mkononi, hanitazami usoni. Mama anakula vizuri. Amekula ndizi leo. Amemaliza sahani. Aliniambia hivyo kwa muda mrefu sana, hata baada ya watu kurudi kutoka makaburini na kunawa mikono uani kwetu, nami nikaenda kucheza.

"Ulisema anakula muzuri," nikamjibu.

"Ndiyo. Sasa nisimulie ya ule wa film. Ukweli tu."

Nikamsimulia kile kifo, chumba, mwanga, mkono ndani ya mkono. Alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema kwamba Mungu alinipa vipaji vingi lakini kusimulia si kimojawapo, na kwamba nimekiua kifo chenyewe.

Tukacheka sote wawili. Nilipomaliza kucheka, nilimuuliza mama yetu alikufa vipi. Nina mvi kichwani, na sikuwa nimewahi kumuuliza. Akasema nikae chini kwanza. Nilikaa kwenye mfuko wa saruji, akanisimulia yote taratibu, na hakuongeza kitu.